Mgonjwa Hashushwi Njiani

Vijana wangu wa Tuheke,

Mwenyekiti wenu aliniomba nije kuongea kwenye mkutano wa mwaka. Nikamwambia hapana, mkishapewa soda na maandazi hamsikii tena. Afadhali niandike. Atakayesoma atasoma, na asiyesoma nitamtambua siku ya kubeba, maana kesho yake atakuwa anatembea bega moja juu, moja chini.

Wengi wenu mnaniita Sista kwa sababu mama zenu walijifungulia mikononi mwangu. Nimekuwa muuguzi wa zahanati maisha yangu yote ya utumishi, kwanza huko Rugu, kisha huku kwetu Nyakatuntu. Nilipostaafu nilikuwa na mpango mmoja tu: kukaa kwenye kibanja changu, nipalilie migomba, nianike kahawa, nilale mchana kama watu wengine. Mpango huo uliishia kwenye mkutano wa mwaka mpya, waliponichagua kuongoza wabeba wagonjwa. Nilikataa. Nikawauliza mwanamke ataongozaje watu wa machela wakati hajawahi hata kushika mti wake. Mzee mmoja akajibu kwamba kubeba wanaweza wenyewe, wanachokosa ni mtu wa kuwagombeza. Watu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo.

Ninyi mmekua mkizikuta bodaboda, kwa hiyo acheni niwaeleze. Tuheke kwa Kinyambo ni kusema tubebe. Kabla ya barabara, mtu akizidiwa, ukelele ulitoka kilima hiki ukaenda kile, na kila nyumba ikatoa bega. Walikuja na engozi, ambayo Kiswahili chake ni machela: kitanda cha fito kilichosukwa kwa kamba, kikafungwa kwenye miti miwili mirefu. Wakatoliki na Walutheri, wenyeji na wale ambao wazee wao walitoka Rwanda na Burundi, wote walikuwa chini ya mti mmoja. Hakuna aliyelipwa. Leo unambeba jirani, kesho unabebwa wewe, na siku ya mwisho machela hiyohiyo inakurudisha nyumbani kuzikwa.

Pikipiki zilipokuja, machela ikapandishwa darini kwenye jiko la marehemu Mzee Kyaruzi, kuku wakaifanya kiota. Kikundi kikabaki jina na fulana. Halafu mvua za Desemba zikachukua daraja la magogo kule bondeni. Kuanzia hapo hakuna bodaboda wala gari lililovuka. Kilima chetu kizima kikabaki upande huu, na kituo cha afya kikabaki upande ule. Mwaka mpya ukatukuta tunafukuza kuku darini.

Mzee Kyaruzi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa machela katika kilima hiki. Nilimfahamu nikiwa muuguzi kijana, akiwaleta wagonjwa mlangoni pangu huku ananukia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wala hayumbi. Alinifundisha mambo ambayo chuoni sikuyapata. Kupanda kilima, wafupi wakae mbele na warefu nyuma, kuteremka geuza, ili mgonjwa abaki amelala sawasawa. Wa mbele kulia ndiye macho ya wote, aseme kila kitu anachokiona: jiwe, mzizi, tope. Begani weka ngata ya majani makavu ya mgomba, usiweke taulo, taulo huteleza ukitoka jasho. Na mgonjwa aongeleshwe, hata kama hajibu, hata kama mnaongea habari za mbuzi.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mgonjwa hashushwi njiani. Mnabadilishana mabega mkitembea. Anayepokea anaingia chini ya mti kabla anayeachia hajatoka. Mkichoka mnasimama, lakini mnasimama naye mabegani. Machela ikigusa ardhi kabla ya kufika, basi iliyobebwa ni maiti, kwa sababu maiti ndiye hupumzishwa njia panda ili wenye njia hiyo waage. Siwaambii muamini au msiamini. Nawaambia kila mtu aliyezaliwa huku analijua hilo akiwa amelala mle ndani, akitazama mawingu.

Ila Mzee Kyaruzi alikuwa amekufa, na vijana tuliowapata walikuwa ni hawa wa pikipiki. Wa kwanza wao ni Deusi. Mnamjua. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na kitu, kifua kipana, mdomo mpana zaidi. Maji yalipochukua daraja, bodaboda yake ilikuwa imelala upande wa pili kwa fundi, yeye yuko upande huu kwa mama yake. Alijiunga na Tuheke kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, na hakuficha. Aliiita machela "pikipiki ya babu". Nilimgombeza, akacheka, na akabeba vizuri kuliko wote.

Mgonjwa wa pili wa mwaka ule alikuwa Bonifasi, kaka yangu wa kuzaliwa, tulionyonya ziwa moja.

Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Siku ile alibadilika rangi, na mimi nilijua nilichokiona. Nilimfunika, nikawaita vijana, nikatangulia mbele kwenda kuwaandaa watu wa kituo. Kwa hiyo sikuwepo. Deusi ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, kofia mkononi. Walivuka bonde, wakapanda, wakafika njia panda ya kwenda Kibingo wakiwa hoi. Simu ya mmoja wao ikalia. Wakaishusha machela kwenye nyasi, kama watu wanavyoshusha mkungu wa ndizi, wakapumua. Kaka yangu akafumbua macho, akaona nyasi ziko karibu na uso wake, akauliza, "Tumefika?" Deusi akamjibu bado, baba, tunapumzika kidogo. Hakusema neno tena. Alifariki jioni ile pale kituoni.

Mimi ni muuguzi. Najua kaka yangu aliuawa na mapafu. Lakini pia mimi ni dada yake, na nilipolisikia lile swali lake nililia kuliko nilivyolia msibani. Alijibiwa asichostahili kujibiwa, akaenda akiamini kwamba sisi tumeshamhesabu na waliokufa.

Habari haikai mfukoni. Kabla ya matanga kuisha, kilima kizima kilijua kwamba watoto wa Sista walimshusha Bonifasi njia panda akiwa hai. Ikasemwa machela ile sasa imezoea, kila atakayelala humo itamtaka. Mwanaume mmoja mwenye ngiri alikataa katakata kubebwa, akabaki nyumbani anaugulia maumivu. Mama mmoja alimfunga mtoto mwenye homa mgongoni akavuka maji peke yake, maji kifuani, na sisi tumekaa na machela yetu tunamtazama. Nikipiga simu kuwaita wanachama, simu zinaita tu. Kwenye lile kundi letu la WhatsApp watu wakawa wanatuma picha za maua na "asubuhi njema", basi. Kikundi kilikuwa kinakufa mikononi mwangu, na mwaka ulikuwa bado mchanga.

Wapo walionishauri niachie. Wakasema umefiwa, hakuna atakayekulaumu. Huenda ningeachia, kama Agripina asingeanguka.

Agripina ni mjane wa Bonifasi, kwa hiyo ni wifi yangu. Alikuwa anakata majani ya mgomba nyuma ya nyumba, akateleza, nyonga ikavunjika. Nilipomfikia na kuuona ule mguu umegeukia nje, sikuhitaji picha ya eksirei. Nikamfunga miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mto katikati, nikamwambia wifi, hapa ni kubebwa mpaka kituoni, gari la wagonjwa likuchukue, uende hospitali. Bodaboda haiwezekani hata kama ingevuka. Mtu wa umri wake akilala chali hivyo bila matibabu, mgongo unatoboka, mapafu yanajaa, na nimewafumba macho wengi wa namna hiyo.

Akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Siendi kwenye hiyo. Mtaniweka chini kama mlivyomweka mwenzangu."

Niliapa. Akasema nisimwapie, kwani mimi sibebi, wanabeba wao. Nikamtumia katekista, akamsikiliza katekista vizuri, akamshukuru, akakataa. Watoto wake wakapiga simu kutoka Mwanza, akawaambia wamsalimie wajukuu. Mkijua tabia za ukoo huu mtaelewa: tukikataa jambo, tunakataa kwa adabu, na haturudi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Si hasira ya Agripina. Nilikasirikia hofu yenyewe, kwamba ilikuwa imemshika mtu mzima inamwua polepole mbele yangu, na mimi nimetibu watu karibu miaka arobaini. Nikamwita Deusi na wenzake waliobaki. Walikuja wameinamisha vichwa, wakidhani ni mkutano wa kuvunja kikundi. Nikawaambia leteni machela, tunaanza kujifunza upya, na mgonjwa ni mimi.

Hakuna aliyecheka. Mtu mzima mwenye afya halali kwenye engozi, ni kujiitia kifo. Deusi akasema, "Sista, hilo usilifanye. Tutabeba gunia la kahawa." Nikamjibu kwamba gunia la kahawa halijui kama limeshushwa. Nikavua viatu nikalala mle. Na sitawaficha, nilipotazama juu na kuona vichwa vyao vimenizunguka, nusura nishuke. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mnauona mwili wangu. Wakati ule ulikuwa mkubwa zaidi. Waliponiinua, miti ililia, mmoja wao akamwomba Mungu kwa Kinyarwanda. Tulizunguka kilima chetu kila siku, jua na manyunyu, mimi nikiwafundisha ya Mzee Kyaruzi kutoka juu kule: wafupi mbele, sema jiwe, ingia kabla mwenzako hajatoka, nani amenyamaza, niongelesheni. Wakawa wananiongelesha habari za mpira mpaka nikawajua wachezaji wote. Mwanzoni walinitikisa kama maziwa kwenye kibuyu, nikatapika mara moja. Baadaye nikawa nasinzia. Watu walitoka vibanjani kututazama. Wengine walijifunika midomo. Wanangu wakapiga simu kuniuliza kama nimechanganyikiwa, nikawaambia wasubiri nishuke kwanza.

Jumapili, baada ya misa, niliwaambia wanipeleke kwa Agripina. Dirisha la chumba chake liko juu kidogo, kwa hiyo nikiwa mabegani mwao tulikuwa uso kwa uso, yeye kitandani, mimi hewani. Nikamsalimia nikamwuliza amelalaje. Akaniuliza ninafanya nini humo. Nikamwambia nimekuja kutazama mgonjwa. Tukaongea. Niliongea makusudi, nikamweleza mahubiri yote, nikarudia habari za waliofunga ndoa, nikauliza habari za ng'ombe wake. Chini yangu nasikia vijana wanapokezana bega, mmoja baada ya mwingine, taratibu, na pumzi zao zinazidi kuwa nzito. Agripina alikuwa hanitazami mimi tena. Alikuwa anatazama ile miti.

Mwishowe akasema, "Wifi, umenenepa, watoto wa watu watakufa." Akacheka, halafu ule mguu ukamuuma, akalia. Akasema tuje kesho asubuhi.

Asubuhi ile manyunyu hayakukatika. Nilimfunga upya, tukamlaza, na Deusi akaomba akae mbele kulia. Walipoinua, Agripina alishika kingo zote mbili za machela kwa nguvu, akafumba macho. Nilitembea kando yake nikimshika kanga. Bondeni maji yalikuwa kiunoni, mekundu, wakapandisha miti kutoka mabegani mpaka juu ya vichwa. Katikati Deusi alikanyaga jiwe linalozunguka, akaenda chini mpaka magoti, maji yakamfika kidevuni. Mti ulimgonga shingoni, uso umekunjamana, lakini mikono yake ilibaki juu na machela ikabaki juu. Mwenzake wa nyuma yake akaingia chini ya mti, ndipo Deusi akasimama. Alitema maji akasema, "Jiwe."

Njia panda ya Kibingo tuliikuta tupu, nyasi zimelowa. Nilimwona Agripina amefumbua macho. Deusi angeweza kupita haraka, na mimi ningemwelewa. Badala yake alisema, "Bega," kwa sauti ya kawaida, wakapokezana palepale katikati ya njia panda, kama tulivyofundishana, kisha wakaendelea kupanda.

Tulifika kituoni tukidhani kazi imekwisha. Muuguzi wa zamu, binti mzuri mwenye heshima zake, akaniamkia shikamoo, akanieleza kwamba gari la wagonjwa limempeleka mzazi hospitali na liko njiani kurudi. Vitanda vyote vina watu. Akaonyesha kwa mkono baraza ya saruji, safi, imepigwa deki. "Mshusheni hapo chini kwanza, nitaleta mkeka."

Alikuwa sahihi. Ningekuwa zamu mimi ningesema hivyohivyo. Tena tulikuwa tumeshafika, hata Mzee Kyaruzi angeturuhusu. Niliwaangalia vijana: midomo imekauka, mabega yamechubuka. Nikataka kusema basi, shusheni. Agripina aligeuza shingo kuitazama ile saruji.

Deusi akamwambia yule muuguzi, "Asante dada. Tutasubiri naye hivihivi."

Wakasimama. Gari halikuja, na mvua ikazidi, wakasogea chini ya ukingo wa bati machela ikiwa mabegani, maji yakiwadondokea visogoni. Wanaume waliokuja na watoto kliniki wakawa wanatazama. Akainuka mmoja, akauliza anashika wapi. Nikamwonyesha namna ya kuingia kabla mwenzake hajatoka. Akaja mwingine. Kisha wale waendesha bodaboda wa getini, waliokuwa wanamtania Deusi tangu tulipoingia, wakazima pikipiki zao wakaja, wakavua makoti. Nikawa napanga mabega ya watu nisiowajua hata majina. Waliopumzishwa walikaa kwenye baraza wakinywa maji, ila Deusi alikataa kutoka mbele kulia. Alibadilisha bega tu.

Juu kule Agripina akauliza, "Deusi, bega linauma?"

"Linauma, mama."

"Vumilia."

Akavumilia. Gari lilipofika likarudi kinyumenyume mpaka barazani, wakafungua mlango wa nyuma, na wifi yangu akapita kutoka mabegani kwenda kwenye kitanda cha gari pasipo kuonja ardhi. Dereva akauliza ni nani anamsindikiza. Nikaanza kupanda, maana mimi ni ndugu na ni muuguzi. Agripina akanishika mkono akanizuia.

"Wewe baki, utakuja kesho," akasema. "Huko nako kuna kushushwa. Nani atanishusha?" Akamnyooshea kidole Deusi, aliyekuwa amesimama mvuani akikanda shingo yake. "Apande yule, anishushe yeye."

Deusi alinitazama mimi kwanza, kama ananiomba ruhusa. Kisha akapanda, peku, na matope yake yote.